Miti ileile isihesabiwe mara tatu

Umeuliza kampuni, kaunti na kikundi cha vijana wanaopanda miti pamoja kando ya Mto Nairobi watoeje takwimu zisizogongana. Kosa huanzia kwenye jedwali: mkiweka mstari mmoja kwa kila shirika, miche 500 inageuka 1,500 kwenye ripoti. Wekeni mstari mmoja kwa kila eneo, wenye nukta ya GPS, aina ya mti, tarehe, idadi ya miti iliyopandwa na idadi iliyo hai. Mchango wa kila mmoja (pesa, miche, vibarua) uwe na safu yake. Idadi ya miti iandikwe mara moja tu.

Miche ya Aprili ihesabiwe mwanzoni mwa Oktoba, kiangazi kikiwa kimeshaichuja, halafu tena mwaka unaofuata. Picha za siku ya kupanda, fulana mpya na mabango, hazithibitishi kitu. Pigeni picha kutoka nukta ileile kila mara. Ongezeni safu ya sababu ya kufa: mbuzi, mafuriko, kukosa maji, maana hiyo ndiyo itakayowaambia kama mnahitaji uzio au mtu wa kumwagilia. Tani za kaboni ambayo miti imefyonza kutoka hewani ziacheni kwanza. Mche wa mwaka mmoja umebeba kaboni kidogo mno.