Baba katoka na kiswaswadu chake, polisi walijuaje kaelekea Muheza?

SWALI: Shikamoo shangazi. Naandika kutoka Makorora, hapa hapa Tanga mjini. Mwezi uliopita baba yetu, mzee wa miaka 74 ambae kumbukumbu zishaanza kumtupa mkono, alitoka baada ya alasiri na baiskeli yake, isha ikaingia hajarudi. Mfukoni ana kiswaswadu tu, hamna intaneti wala nini. Tukapiga wee, nyumba nzima, majirani, mpaka usiku wa manane ikaanza ile “namba unayopiga haipatikani kwa sasa”. Kuna kijana akatuambia tumpe elfu themanini atuletee lokesheni. Kaka akakataa, asubuhi tukaenda polisi tukapewa RB, ile karatasi ya kuonesha taarifa imefunguliwa, jioni yake mzee kapatikana Muheza kwa fundi baiskeli mmoja kampa uji kamlaza kwenye mkeka, Mungu ambariki. Askari akasema minara ndo imesaidia. Sasa mie nauliza, kama wanaona, kwanini hawakumuona papo hapo? Na kiswaswadu kinaonekanaje?
Mama Wawili, Makorora

JIBU: Marahaba mwanangu, na alhamdulillah mzee karudi, nimesoma barua yako mara mbili roho inanidunda.

Nianze na kiswaswadu manake hapo ndo wengi wanapokosea. Watu wanadhani ili uonekane lazima uwe na simu kubwa yenye GPS. Hapana. Simu yoyote ikiwa imewashwa inaongea na mnara hata kama hupigi wala hupigiwi, inajitambulisha, ikihama eneo inajitambulisha tena, ndo maana mtu akikupigia mtandao unajua ukutafute wapi. Na kila ukipiga, ukipigiwa au meseji ikiingia, kampuni ya simu inabaki na rekodi: namba ipi na ipi, saa ngapi, muda gani, mnara upi. Mara nyingi hata upande wa mnara unajulikana, manake minara mingi imegawanywa pande tatu, kila upande na antena zake. Kwahiyo zile simu zenu za usiku, hata moja tu aliyopokea akasema “nakuja” (wazee wetu hawa, atakwambia anakuja na yuko njia panda hajui hata aende wapi), ile imeacha alama.

Ila alama ya mnara haikuoneshi mlango wa nyumba. Inakwambia mtu yuko kwenye eneo la mnara fulani, basi. Ngamiani pale minara iko karibu karibu, eneo linaweza kuwa mita mia kadhaa, lakini ukitoka nje ya mji kuelekea Muheza au ukaingia mashamba ya mkonge, mnara mmoja unabeba kilomita kadhaa. Na simu haishiki lazima mnara wa karibu, inashika wenye nguvu kwake wakati huo, ukiwa juu kilimani unaweza kushika wa mbali kabisa. Ndo maana polisi hawaangalii mnara mmoja, wanapanga foleni: saa kumi na moja mnara huu, saa moja ule, saa tatu ule wa mbele, hapo wanaona aa, huyu anafuata barabara ya Muheza. Halafu lazima mtu aende kwa miguu akaulize, na wewe umeniambia mwenyewe, mwisho wa yote ni fundi baiskeli mwenye huruma.

Simu ikizima, kinachobaki ni mnara wa mwisho. Ndo hapo nataka niseme kitu na msinichukie: mkipiga mfululizo nyumba nzima mnamaliza chaji yake. Pigeni mara moja moja kwa nafasi, na tumeni meseji. Meseji ina faida kubwa, inasubiri, simu ikishika mtandao hata dakika moja inaingia na inaacha rekodi.

Kuna kisa cha Marekani sikisahau. Novemba 2006 bwana mmoja mwandishi wa habari za teknolojia, James Kim, alikwama na mkewe na watoto wawili wadogo ndani ya gari kwenye theluji milima ya Oregon, mtandao hakuna. Mainjinia wawili wa kampuni ya simu wakajitolea kuchambua rekodi, wakakuta usiku wa manane simu yao iligusa mnara karibu na Glendale kwa muda mfupi sana, meseji ikaingia. Meseji tu! Wakapiga hesabu mnara ule unaweza kufika barabara zipi, msako ukahamia huko, mama na watoto wakapatikana hai tarehe 4 Desemba. Baba wa watu alikuwa kaondoka kwa miguu kutafuta msaada, wakamkuta tarehe 6 keshafariki. Kisa kile ndo kinanifanya niwasihi, usingoje ati masaa 24 yapite. Mzee mwenye usahaulifu, mtoto, mgonjwa, ukiona si kawaida yake nenda kituoni saa hiyo hiyo au piga 112.

Kuhusu yule kijana wa elfu themanini, kaka yako kafanya la maana. Rekodi za simu ni siri ya mteja, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inawabana wafanyakazi wa mitandao wasizitoe hovyo, zinatoka kwa polisi kuomba rasmi kwa kesi iliyofunguliwa. Kwahiyo RB si karatasi ya kupoteza muda, bila hiyo hakuna ombi, na ndo jibu la kwanini si papo hapo. Mkibandika tangazo na namba yenu mitandaoni watakuja pia wa “tumempata mzee tuma nauli”. Usitume, omba uongee nae kwanza, na namba ya tapeli itume kwenda 15040.

Ukienda kituoni beba na IMEI, ile namba ya tarakimu 15 kwenye boksi la simu au bonyeza *#06# (fanya leo wakati simu iko mkononi), manake mtu akiiokota akaweka laini yake, IMEI haibadiliki. Waambie laini imesajiliwa kwa jina la nani, wazee wengi laini zao zimesajiliwa kwa NIDA ya mjukuu na hapo polisi wanaweza kuzunguka bure. Na kama ana pesa kwenye simu sema, akitoa kwa wakala yoyote muamala unaonesha wakala yupi, hiyo ni mahali hasa, inashinda mnara.

SWALI: Mume wangu anavua, usiku namba haipatikani nakosa usingizi. Baharini minara inamuona?
Mke wa Mvuvi, Pangani

JIBU: Inamuona akiwa karibu, bahari haina majengo wala milima ya kuzuia kwahiyo mtandao unakwenda mbali kidogo, ila mitambo ya kawaida ya 2G mwisho wake kama kilomita 35, na mara nyingi hata hapo haufiki. Akivuka huko simu inakuwa kimya na mnara wa mwisho unakwambia tu alitokea wapi, mkondo ukishamchukua ni habari nyingine. Mwambie kabla mtandao haujakata akutumie meseji moja: saa, anaelekea wapi, yuko na nani, wanarudi saa ngapi. Simu aifunge kwenye nailoni isiingie maji, aizime ili abakishe chaji. Wewe iandike ile saa kwenye daftari, ikipita usikae mlangoni kusubiri, nenda kawaamshe wenzake wa diko, pale wanaposhushia samaki, na polisi na hiyo meseji mkononi.