Mkiwa kambini na watoto wadogo, wekeni saa ya kugeuka

Tulikuwa tumepiga kambi kwa siku tano: mimi, baba yao, na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka mitano na mwingine wa miaka miwili. Asubuhi ya siku ya pili tukatoka kwenda kutembea. Tulipanga kuona maporomoko ya maji, kupanda kilima kilicho jirani, kisha kupitia ziwani kuogelea wakati wa kurudi. Tuliishia kwenye maporomoko. Njia nzima ya kurudi mdogo alilia, mkubwa akalala garini na viatu vyake vya tope, na kambini tulifika giza limeshaingia, tochi zote zikiwa ndani ya begi ambalo hakuna aliyekumbuka liko wapi. Usiku ule niliumia sana. Watoto hawakuwa wamekosa lolote. Sisi ndio tuliowapangia siku ya watu wazima.

Kuna jambo sikuwa nimelizingatia: mtoto aliyelala kwenye hema si sawa na aliyelala kitandani kwake. Usiku wa kwanza anashtushwa na kila sauti, na kukipambazuka tu hema linajaa mwanga, naye ameamka. Anaianza siku akiwa hajashiba usingizi. Ndiyo maana sasa siku baada ya usiku wa kwanza hatuendi popote. Tunabaki palepale, watoto wanazoea mahali, wanajua choo kiko wapi na mipaka yao ni ipi. Safari inasubiri siku ya tatu.

Na ikifika, tunakwenda mahali pamoja tu. Mtoto wa miaka miwili au mitatu akiwa njiani hana haraka ya kufika. Kila konokono anasimamiwa, kila dimbwi linachunguzwa. Njia ambayo mtu mzima anaimaliza kwa nusu saa, sisi ilituchukua saa moja na nusu, tena mdogo akiwa kwenye mbeleko sehemu kubwa ya njia. Chukua mbeleko hata kama mtoto ameshajua kutembea vizuri.

Kinachotusaidia kuliko yote ni kukubaliana saa ya kugeuka kabla hatujatoka. Tunaondoka saa moja na nusu asubuhi, na ikifika saa tano tunageuka, tumefika tusifike. Jua huwa kali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na mimi nataka saa za mchana ziwakute wanangu kivulini, wamelala. Nasema kivulini chini ya mti au turubai, si ndani ya hema, maana hema lililofungwa juani linageuka tanuri. Gari nalo ni hatari zaidi: likiegeshwa juani, joto la ndani linaweza kupanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi ndani ya dakika 10 tu, na kuacha dirisha wazi kidogo hakusaidii. Mtoto akisinzia garini, mtoe, hata kama atalia. Usimwache humo hata dakika moja.

Kama mnakokwenda kuna maji, gawaneni zamu ya kuangalia, na mwambiane kwa mdomo: "Sasa ni zamu yako." Mkiwa watu wazima wawili au watatu, kila mmoja hudhani mwenzake ndiye anayeangalia. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, na maji ya sentimita chache tu yanamtosha mdogo kuzama. Mwenye zamu akae mahali ambapo akinyoosha mkono anamfikia, na simu abaki nayo mwingine.

Maji ya kunywa tunayachemsha jioni iliyotangulia ili asubuhi yawe yamepoa. Yakishatokota vizuri, dakika 1 inatosha. Mkiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, yaacheni dakika 3. Zabibu nazikata vipande kwa urefu, na karanga siwapi kabisa, kwa sababu zinaweza kuwakaba.

Tena andaeni kurudi kabla ya kutoka. Siku hizi naacha nguo za kulalia juu ya magodoro, tochi imening'inia mlangoni mwa hema, chakula cha jioni kimebaki kupashwa moto tu, na zipu zote zimefungwa hata kama hakuna dalili ya mvua. Jirani wa kambini anajua tumeelekea wapi na tunarudi saa ngapi.

Siku ya nne tulijaribu tena. Tulilenga kijito kilicho mwendo mfupi kutoka kambini, basi. Watoto walipanga mawe ndani ya maji kwa karibu saa mbili, wakajenga kitu walichokiita bandari, na baba yao akapewa kazi ya kuleta majani ya kuwa mashua. Saa tano ilipofika bado walikuwa wanacheka. Tukawavalisha nguo kavu, tukageuka. Mkubwa aliuliza njiani kama bandari yake itakuwepo kesho, nikamwambia tutakuja kuiangalia. Kesho yake, kabla ya kukunja hema, tukarudi palepale.