Muda wa kulalamikia elimu maalumu Texas: gharama iko wapi

Kubadili kanuni kwenyewe, yaani muda ambao mzazi anaweza kufungua shauri dhidi ya wilaya ya shule kuhusu elimu maalumu ya mtoto wake, ni karibu bure. Jimbo la Texas, Marekani, lilitoka mwaka 1 hadi 2 mnamo Septemba 2022, na miaka 2 ndiyo kiwango cha IDEA, sheria ya shirikisho ya elimu ya watoto wenye ulemavu, tangu marekebisho ya 2004. Pesa huanza kutoka shauri likifunguliwa: wilaya ya shule hulipa wakili wake, na ikishindwa mahakama yaweza kuiamuru ilipe hata wa mzazi. Kinachouma zaidi ni huduma za fidia, maana mtoto aliyekosa tiba ya usemi miaka 2 ana saa nyingi za kurudishiwa. Ila muda huhesabiwa tangu mzazi alipojua au alipopaswa kujua kosa analolalamikia. Malalamiko ya maandishi kwa jimbo, ambayo ni njia tofauti na shauri, hayo bado mwaka 1.