Kabla hujampa fundi pesa ya betri, soma ripoti ya betri

Usiende kwa huyo fundi kesho. Umeandika kwamba kompyuta mpakato yako haivuki asilimia 80 hata ikilala kwenye umeme usiku kucha, na kwamba fundi wa pale mjini Arusha amekwambia betri imekufa, hivyo uende na shilingi 160,000 pamoja na betri ya zamani. Hayo maneno ya mwisho, "pamoja na betri ya zamani", ndiyo yaliyonifanya niache chai ipoe, kwa sababu hivyo hivyo ndivyo nilivyopigwa mimi hapa Moshi.

Kompyuta yangu ilikuwa ikigota kwenye asilimia 60. Haikuwa 57 leo na 63 kesho. Ilikuwa 60 kamili, kila siku, na pembeni yake maandishi kwamba imechomekwa kwenye umeme lakini haichaji. Ilikuwa kama mgeni anayepanda Mlima Kilimanjaro akaishia kambi ya Horombo, mita 3,720, huku kilele cha Uhuru, mita 5,895, akikitazama kwa mbali. Nilichosahau kujiuliza ni kama mgeni huyo ameugua, au kiongozi wake ndiye aliyemwambia aishie hapo.

Fundi naye hakujiuliza. Aliiwasha, akatazama ile 60, akatikisa kichwa kama daktari anayewaandaa ndugu wa mgonjwa, akatamka kwamba seli zimechoka. Bei ilikuwa 150,000, lakini angenipunguzia 20,000 nikimwachia betri yangu ya asili. Nami nikamshukuru! Mchagga mzima, mtu wa kabila linalosingiziwa kuhesabu hadi chenji ya daladala, nilimshukuru mtu aliyekuwa akichukua kitu kizima mkononi mwangu. Msicheke sana, mvua ilikuwa inanyesha na nilikuwa na hesabu za chama cha ushirika za kukabidhi asubuhi.

Betri mpya ikagota kwenye 60. Nikarudi, nikaambiwa tatizo ni chaja, nikatoa 45,000 nyingine, ikagota kwenye 60. Mara ya tatu akasema ni madabodi na akataja 220,000. Natamani niseme kwamba hapo ndipo nilipozinduka, lakini ukweli ni kwamba pesa ziliisha.

Aliyetatua jambo hili ni mpwa wangu, aliyekuja likizo na kuiazima mashine atazame mpira. Alifungua programu ya mtengenezaji iliyokuja na kompyuta, akaingia sehemu ya umeme, akakuta hali ya kutunza betri imewashwa, akaizima. Kabla mechi haijaisha kipimo kilikuwa kimefika 100. "Mjomba, nani aliiwasha hii?" Nikamjibu kwamba huenda ni virusi. Niliiwasha mwenyewe, bila shaka, siku ile ya kwanza nilipokuwa nikibofya "kubali" kwa kila swali lililotokea.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo fundi wako anapokudanganya, kwa kujua au kwa kutojua. Asilimia unayoiona ni sehemu ya kile ambacho betri inaweza kubeba leo, wala si ya kile ilichobeba ilipotoka kiwandani. Kwa hiyo betri iliyochoka kwa kawaida huandika 100 bila aibu, kisha huisha upesi ukichomoa waya. Kipimo kinachosimama pale pale kila siku, kwenye namba nzuri kama 60 au 80, karibu kila mara kimewekewa mpaka. Watengenezaji wanauweka kwa sababu seli za lithiamu huzeeka haraka zikikaa zimejaa kabisa, hasa kwenye joto. Kwenye Lenovo utaukuta katika programu ya Vantage. Kwenye ASUS uko katika programu ya MyASUS, ambayo matoleo yake ya zamani yalikupa uchaguzi wa 60, 80 au 100. HP nyingi zinauficha ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Na Mac inaweza kusubiri kwenye 80 mpaka karibu na saa unayochomoa kwa kawaida. Anayegota kati ya 95 na 99 mara nyingi hana tatizo lolote, kwa kuwa mashine nyingi hazianzi kuchaji tena mpaka kipimo kishuke kiasi.

Kanuni yangu ni moja: hakuna bisibisi kugusa mashine kabla ripoti haijasomwa. Kwenye Windows fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, ubonyeze Enter. Utaonyeshwa mahali faili lilipohifadhiwa, nawe ulifungue kwa kivinjari. Tafuta namba mbili, DESIGN CAPACITY, yaani ujazo wa kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, yaani ujazo wa sasa. Ya pili ikiwa chini ya nusu ya ya kwanza, nitakusindikiza mwenyewe dukani.

Ripoti hiyo pia inatunza historia ya ujazo, na humo ndimo nilimokutana tena na betri yangu ya asili. Wiki ya mwisho kabla sijaiacha mezani kwa fundi ilikuwa ikibeba 38,900 kati ya 42,000. Zaidi ya asilimia 92! Hii mpya, mwezi wa nne, ilivimba mpaka ikainua kibao cha kugusia, nami nilidhani ni vumbi limeingia chini yake. Kutojua namsamehe fundi, maana hata mimi sikujua, lakini ile betri nzima aliipeleka wapi? Nilipomuuliza alisema "ilishatupwa", huku kwenye rafu nyuma yake zimepangwa nyingine kama tano, zimefutwa vizuri, kila moja na kibandiko cha bei.

Kwa hiyo usiku huu zima huo mpaka, chomeka umeme, kisha andika hapa zile namba mbili. Mimi nipo macho, na fundi hafungui kabla ya saa tatu asubuhi.