Mgeni anakuja na mbwa: niweke masharti gani kwenye nyumba ya kupangisha kwa siku?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina nyumba ya vyumba vitatu hapa Gangilonga, Iringa, naipangisha kwa siku kwa watu wanaokwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na familia zinazopanda kutoka Dar es Salaam wakati wa likizo. Kuna familia imeomba siku nne mwezi Desemba na wanakuja na mbwa mkubwa wa aina ya German Shepherd. Mwingine ananiuliza kuhusu paka wawili. Niliwahi kumpokea mgeni mwenye mbwa mdogo, hakuharibu kitu, lakini wageni waliofuata wiki mbili baadaye walilalamika kuumwa na wadudu miguuni, ingawa nyumba ilikuwa imefagiliwa na kupigwa deki. Pia nina mbwa wangu wa ulinzi. Nafikiria kuandika tu "wanyama hawaruhusiwi", au niruhusu walio chini ya kilo kumi. Unanishauri niweke masharti gani, na nitoze kiasi gani?

JIBU: Marahaba, na kamwene, kwa salamu ya hapa Iringa.

Sharti la kilo liache. Wengi hulinakili kutoka kwenye matangazo ya nyumba za wenzao, lakini uzito wa mnyama haukwambii atafanya nini ndani ya nyumba yako. Mbwa wa kilo nne aliyefungiwa peke yake anaweza kukwangua mlango mpaka rangi ikaisha, na paka mmoja akaharibu godoro kwa usiku mmoja. Mbwa mkubwa aliyefundishwa, mwenye mwenyewe karibu, atalala kwenye kona yake mpaka asubuhi. Swali la kumuuliza mgeni ni hili: mkitoka, mnyama atabaki na nani?

Kwa nyumba ya Iringa swali hilo ndilo zito kuliko yote, kwa sababu wageni wako wengi wanakwenda Ruaha, na wanyama wa kufugwa hawaruhusiwi kuingia hifadhi za taifa. Wapo wageni wasiolijua hilo mpaka wafike getini. Kutoka mjini hadi hifadhini ni kama kilometa 130, kwa hiyo anayekwenda na kurudi siku hiyohiyo huondoka alfajiri na kurudi usiku. Mbwa mzima hatakiwi kubanwa bila kutolewa nje zaidi ya saa sita mpaka nane. Ukimfungia saa kumi na nne ndani ya nyumba asiyoijua, yenye harufu za watu asiowajua, atakojoa ndani, na huwezi kumlaumu. Mbwa wengi huanza kulia na kukwaruza mlango ndani ya nusu saa ya kwanza tu baada ya mwenyewe kuondoka. Kwa hiyo sharti ambalo ningeliweka hata kama ningeruhusiwa kuweka moja tu ni kwamba mnyama asibaki peke yake ndani ya nyumba. Anayetaka kwenda Ruaha aje na mtu wa kubaki na mbwa, au apange naye mapema mahali pa kumwacha. Na usimtwishe mlinzi wako kazi hiyo kimyakimya. Kama anakubali kwa hiari yake, alipwe, na azoeane na mbwa huyo mwenyewe akiwepo.

La pili ni kichaa cha mbwa. Hapa sitapunguza neno. Ugonjwa huu dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo, na duniani kote karibu wagonjwa wote huupata kutoka kwa mbwa. Kinga yake ni chanjo. Omba picha ya kadi ya chanjo kabla hujathibitisha siku za mgeni, usisubiri afike mlangoni na watoto wamechoka, maana hapo hutaweza kumkatalia. Angalia tarehe, jina la chanjo, na muhuri na saini ya daktari wa mifugo. Hapa kwetu chanjo hurudiwa kila mwaka. Kama ndiyo mara ya kwanza mnyama kuchanjwa, iwe imechomwa angalau mwezi mmoja kabla ya safari, kwa sababu mwili unahitaji wiki kadhaa kujenga kinga. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifikisha miezi mitatu, kwa hiyo aliye chini ya miezi minne mwambie mgeni amwache nyumbani safari hii. Paka nao huchanjwa, na kadi yao ni ya lazima vilevile.

Hapo kuna jambo ambalo nyumba za kupangisha kwa siku hulisahau. Mbwa akimng'ata mtu, taratibu ni kumfunga na kumwangalia siku kumi. Akiwa hai na mzima siku ya kumi, basi wakati anang'ata hakuwa na virusi kwenye mate. Sasa mgeni wako anakaa siku nne. Mbwa akimng'ata dada wa usafi siku ya tatu, siku ya tano mbwa huyo yuko Dar es Salaam, na hujui yuko mtaa gani. Ndiyo maana masharti yako lazima yadai namba mbili za simu zinazopatikana, pamoja na ahadi ya maandishi kwamba likitokea jambo, mwenye mbwa atatoa taarifa ya hali ya mnyama mpaka siku kumi zipite. Aliyeng'atwa asingoje hizo siku kumi. Aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akaanzishiwe chanjo kama daktari ataona inafaa. Hata ukiwa ni mkwaruzo mdogo, aende. Bandika maelezo haya ukutani jikoni, wafanyakazi wako wayasome kabla ya wageni kufika.

Sasa wale wadudu waliowauma wageni wako. Kwa maelezo yako, hao ni viroboto. Mayai ya kiroboto hayang'ang'anii kwenye manyoya, hudondoka popote mnyama anapolala: kwenye kapeti, kwenye mshono wa sofa, kwenye nyufa za sakafu. Yakianguliwa hutoa mabuu yanayokimbilia gizani, na baadaye kila buu hujifunga ndani ya kifuko kidogo kinachonata na kufunikwa na vumbi. Humo kiroboto anaweza kungoja kwa wiki nyingi, hata miezi, hasa kwenye baridi kama ya kwetu. Anachongoja ni dalili kwamba kuna wa kumnyonya: mtikisiko wa hatua, joto la mwili, pumzi. Nyumba ikikaa tupu wiki mbili viroboto hawafi, wanasubiri. Wageni wapya wakiingia na kutembea, wanatoka wote kwa pamoja na kuanza na miguu. Kupiga deki hakuwagusi, kwa sababu vile vifuko vimenata chini kabisa ya nyuzi za kapeti.

Kwa hiyo dawa ya viroboto na kupe mnyama aipate kwake, siku chache kabla ya safari, na tarehe yake uiombe pamoja na kadi ya chanjo. Wewe upande wako, mgeni akiondoka tu, pitisha mashine ya kunyonya vumbi kwenye makapeti, chini ya vitanda na kwenye mikunjo ya sofa, kisha kile kilichomo ndani ya mashine kitupwe nje ya nyumba hapohapo. Vitambaa vyote alivyolalia mnyama vifuliwe kwa maji ya moto ya nyuzi 60. Kapeti nzito za chumbani ningeziondoa kabisa kwenye chumba ambacho wanyama wanaruhusiwa. Ukipiga dawa ya wadudu, soma kibandiko: nyingi zina permethrin, ambayo mbwa huivumilia lakini kwa paka ni sumu. Usiipige nyumba asubuhi ukampokea mwenye paka jioni sakafu ikiwa bado mbichi. Na ukitibu nyumba bila kumtibu mbwa wako wa ulinzi hutafika mbali. Inawezekana kabisa viroboto wale hawakuletwa na mgeni.

Kuhusu vitanda, wamiliki wengi huandika "mnyama asipande kitandani" na kushangaa kukuta manyoya kwenye mashuka. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mbwa mwenye manyoya mafupi aliyezoea joto la Dar es Salaam akifika huku, hasa mwezi wa sita na wa saba, anatetemeka kweli. Atatafuta joto, na joto liko kitandani. Mwekee blanketi nene la zamani kwenye kona isiyo na upepo, mwambie mgeni aje na kitu chenye harufu ya nyumbani kwake, ndipo sharti lako litafuatwa.

Kwa kuwa nimeitaja Dar es Salaam, niongeze neno kuhusu safari ya kutoka huko: barabara kuu inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na humo hairuhusiwi kusimamisha gari na kumshusha mbwa ajisaidie. Wasimame kabla ya kuingia au baada ya kutoka. Kona za Mlima Kitonga nazo huwatapisha mbwa wengi, kwa hiyo asilishwe chakula kingi kabla ya kupanda. Akifika, apewe maji kidogokidogo na akae uwanjani dakika ishirini kabla ya kuingizwa ndani. Mtumie mgeni maelezo haya mapema, yataokoa sakafu yako.

Mkojo ukimwagika, ukaushwe kwa kitambaa, usisuguliwe, kisha maji baridi na sabuni ya unga yenye vimeng'enya. Usimwage jiki juu ya mkojo mbichi. Klorini ikikutana na amonia ya mkojo hutoa hewa inayochoma macho na mapafu, na dada wa usafi ndiye atakayeivuta akiwa amefunga mlango wa bafu. Uwanjani, mwenye mbwa aokote kinyesi kila siku, kwa sababu minyoo ya mbwa huacha mayai na mabuu kwenye udongo, na mgeni anayefuata atakuja na watoto wanaocheza pekupeku.

Kabla ya mnyama kufika ondoa sumu ya panya yote, hata ile iliyo juu ya dari. Nyingi huzuia damu kuganda, na dalili huonekana siku kadhaa baadaye, mgeni akiwa ameshaondoka. Kama una mparachichi uwanjani, okota yaliyodondoka, maana mbwa akimeza kokwa linaweza kumziba utumbo.

Kuna suala la vyombo, na nalisisitiza kwa heshima ya wageni wako. Waislamu wengi wa nchi yetu hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mnyama asilishwe kamwe kwenye sahani au sufuria za jikoni. Nunua mabakuli mawili ya bati yakae nje, na kwenye tangazo lako andika wazi kwamba nyumba hupokea mbwa. Anayetafuta mahali pa kuswalia, au mwenye pumu inayochochewa na manyoya, ana haki ya kujua kabla hajalipa.

La fedha ni jepesi. Tenganisha vitu viwili: ada ya usafi isiyorudishwa, na dhamana inayorudishwa. Ada ikokotoe kutokana na gharama halisi, yaani saa za ziada za dada wa usafi, kufua vitambaa vya sofa, dawa. Piga picha za milango, sofa na magodoro mbele ya mgeni siku ya kuingia. Kama umeitangaza nyumba kupitia Airbnb, mtandao wa kupangisha nyumba, ada hiyo iingize humohumo badala ya kudai fedha taslimu getini. Fahamu pia kwamba mbwa anayemwongoza asiyeona, au aliyefundishwa kumsaidia mwenye ulemavu, kwa utaratibu wa Airbnb hahesabiwi kama mnyama kipenzi na hatozwi ada hiyo.

Ujumbe wa kumtumia anayeomba unaweza kuwa hivi: "Karibu na mnyama wako. Naomba picha ya kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa isiyozidi mwaka mmoja, tarehe ya dawa ya viroboto, na namba mbili za simu. Je, ni dume au jike, na kama ni jike, yuko kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume? Mtakwenda wapi siku mtakazokuwa hapa, na mnyama atabaki na nani? Hatabaki peke yake ndani, hatalishwa kwenye vyombo vya jikoni, na atafungwa kamba akitoka nje ya geti." Swali la jike kwenye joto usilione aibu. Joto hudumu kama wiki tatu, na harufu yake itawaleta mbwa wa mtaa mzima getini kwako, ambao hujui nani amechanjwa.

Familia ya Desemba wakijibu vizuri, wapokee. Paka wawili nao sawa, mradi wakae ndani muda wote, madirisha yawe na nyavu, na waje na trei yao ya mchanga. Paka akitoka kwenye nyumba ngeni hupotea. Kinyesi kwenye trei kiondolewe kila siku na mwenye paka mwenyewe, na mfanyakazi mjamzito asiiguse kabisa, kwa sababu ya vimelea vya toksoplasma vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni.

Mbwa wako wa ulinzi aingizwe bandani kabla gari la mgeni halijafika, na wawili hao wasikutanishwe uwanjani kwa kuwaachia. Ule ni uwanja wake, ataulinda. Kadi yake nayo ikague leo, na kama chanjo imepita mwaka, achomwe Novemba isiishe.