Kabla hujanunua gemu ya vita vya angani, uliza kama ina hadithi

Vijana wanaotaka kuanza gemu za mkakati wa angani huniuliza karibu swali lile lile: nianze na Homeworld au Stellaris? Nyuma yake kuna swali jingine, zito zaidi, ambalo wachezaji wamelibishania tangu niko sekondari. Je, gemu ya aina hii ni lazima iwe na kampeni, yaani ile hadithi unayoicheza peke yako, misheni baada ya misheni? Au inatosha upewe ramani, meli na maadui, ukajitafutie njia?

Nitajibu kwanza, halafu nieleze. Wewe unayeanza, tafuta yenye kampeni. Kuhusu gemu zenyewe, si zote zinazoihitaji, lakini zote zinahitaji kile ambacho kampeni nzuri hukileta: mchezaji awe na kitu anachoogopa kukipoteza. Nimecheza gemu za angani zenye michoro ya kupendeza na silaha za kila aina, zikakosa hicho kimoja tu, na kila moja niliiacha kabla mwezi haujaisha.

Mimi nilianzia Homeworld. Ilitoka mwaka 1999, kazi ya studio ya Relic ya Kanada, na niliikuta miaka mingi baadaye kwenye kompyuta ya mezani ya kaka yangu pale Morogoro. Hadithi yake ni hii. Watu wanaishi kwenye sayari ya jangwa iitwayo Kharak. Chini ya mchanga wanagundua mabaki ya chombo cha kale, na ndani yake jiwe lililochorwa ramani ya nyota. Ramani inawaonyesha kwamba Kharak si kwao. Kwao ni mbali, sayari iitwayo Hiigara. Basi wanajenga Meli Mama, na mwanasayansi mmoja, Karan S'jet, anakubali mwili wake uunganishwe na meli hiyo ili aiongoze.

Misheni ya kwanza ni ya kujaribu vyombo. Unajifunza kuunda meli ndogo, kuvuna madini, kupanga kikosi. Ya pili unaruka hadi ukingoni mwa mfumo wa jua kukutana na meli ya msaada iliyotangulia, Khar-Selim, na unakuta imeshashambuliwa na maharamia. Ya tatu unarudi nyumbani.

Nyumbani kunawaka. Anga lote la sayari ni moto, rangi ya chungwa iliyotambaa juu ya ile duara uliyoiacha misheni mbili tu nyuma. Muziki ni wa kwaya, wa taratibu. Anayekupa taarifa anaongea kwa sauti tulivu, kama mtu anayesoma ripoti ya kazi, na utulivu huo ndio unaoumiza. Vimebaki vyombo vichache vinavyoelea karibu na sayari, vimebeba watu waliolazwa usingizi wa baridi kusubiri safari. Ndio watu wote waliobaki. Na manowari za adui zinavipiga risasi kimoja kimoja.

Ili kuwaokoa inabidi utume meli ndogo za kukokota zivilete hadi kwenye Meli Mama. Mimi nilikuwa nimeunda mbili tu. Nilikuwa nimemaliza madini yangu kwenye ndege za kivita kwa sababu zinapendeza zikiruka. Nakumbuka nimeshika kipanya, nikitazama ile meli ya kukokota ikivuta mzigo wake polepole, na upau wa uhai wa chombo kilichofuata ukipungua kila sekunde. Sikuwafikia wote.

Tangu siku hiyo sijawahi kutumia meli kama mchele wa kuku. Na hapa ndipo penye jambo lenyewe. Katika Homeworld, meli zilizosalia mwisho wa misheni ndizo unazoanza nazo misheni inayofuata. Ukizipoteza huku, kule huna. Ukiteka meli ya adui kwa zile meli za kukokota, ni yako hadi mwisho wa safari. Kuna misheni moja karibu na mwisho, iitwayo Bridge of Sighs, ambapo adui amepanga frigeti zake za miale, yaani meli za kivita za ukubwa wa kati, kama mpira mkubwa angani, zote zikitazama nje. Wachezaji wengi hawapigani nazo. Wanazikokota moja moja hadi nyumbani. Nilikesha usiku mzima kwa kazi hiyo. Nilipomaliza nilikuwa na msafara ambao hakuna mwandishi aliyenipangia. Aliyeandika hadithi alinipa sababu ya kusafiri, na meli nilizofika nazo nilizichuma mwenyewe.

Kwa hiyo mtu akiniambia kampeni ni sinema za kupoteza muda kati ya mapigano, najua amekutana na kampeni mbaya. Kampeni nzuri inabadilisha namna unavyoamuru meli zako.

Kampeni pia ni mwalimu, na hili nitalipitia haraka kwa sababu halina ubishi mkubwa. StarCraft, gemu ya mkakati ya mwaka 1998, ilikuwa na misheni 30, kumi kwa kila jamii kati ya tatu, na ilikupa silaha kidogo kidogo, kila moja ikija na tatizo linaloihitaji. Korea Kusini waliigeuza kuwa mchezo wa mashindano ya kuonyeshwa kwenye televisheni, na huko hakuna anayeulizana habari za hadithi. Lakini mtu wa kawaida aliingilia barazani, yaani kwenye kampeni, akakaribishwa kwanza, ndipo akaenda ndani kupambana na watu.

Sasa upande wa pili, maana una hoja za kweli.

Mwaka 2008 studio ndogo ya Ironclad, nayo ya Kanada, ilitoa Sins of a Solar Empire. Haina kampeni. Kuna sinema fupi mwanzoni, kuna maelezo ya jamii tatu zinazopigana, kisha unachagua ramani na kuanza. Bajeti yake ilikuwa chini ya dola milioni 1, na mwaka huo huo ilifikisha mauzo ya nakala laki 5. Nawaelewa waliofanya uamuzi ule. Kampeni inahitaji waandishi, waigizaji wa sauti, wachoraji wa sinema, watu wa kupima kila misheni mara mia, na mchezaji akishaimaliza, wengi hawairudii. Fedha ile ile ukiiweka kwenye ramani na akili ya adui anayeongozwa na kompyuta, mtu anaweza kucheza miaka. Mimi mwenyewe Sins nimeicheza saa nyingi kuliko Homeworld.

Nilichobaki nacho kutoka kwenye Sins ni manowari moja, ya aina ya Kol. Katika gemu ile manowari kubwa hupata uzoefu kadiri zinavyopigana, hadi daraja la 10, na kila daraja linaziongezea nguvu. Kol yangu ilikuwa imefika la 8. Nilianza nayo kwenye sayari yangu ya kwanza, ikapita vita vyote, na nikaipeleka kulinda sayari ya mpakani bila wasaidizi wa kutosha, kwa kiburi cha mtu aliyeshinda mara nyingi. Iliposambaratika nilisimama nikaenda kunywa maji. Hakuna hadithi iliyoandikwa pale, hakuna kwaya, lakini kilichonishika kooni ni kile kile cha Kharak. Gemu ilinipa kitu kilichokua mikononi mwangu, kisha ikakubali kukichukua.

Ndiyo maana sisemi kila gemu iwe na kampeni. Nasema kama haina, itafute mahali pengine pa kuweka uchungu huo. Hata hivyo Sins iliniacha na njaa moja. Jamii ya Vasari inakimbia kitu kisichojulikana ambacho kimekuwa kikiangamiza himaya yao nyuma yao. Unasoma hilo mwanzoni, nywele zinasimama, halafu unacheza saa mia na kitu hicho hakiji. Ahadi ya namna hiyo ukimpa mchezaji, ni deni.

Stellaris, ya studio ya Paradox ya Sweden, mwaka 2016, ilijaribu kulilipa deni la aina hiyo bila kampeni. Unaanza mwaka 2200 na sayari moja na meli chache, na hadithi zinakujia kwa vipande: mwanasayansi wako anafika kwenye mwezi fulani, anakuta kitu cha ajabu, unasoma aya mbili, unaamua. Baadaye sana mchezoni balaa linaweza kuingia kutoka nje ya galaksi na kuanza kula sayari moja baada ya nyingine, na unagundua kwamba maadui wako wote wa zamani ni majirani. Viongozi wanazeeka na kufa. Mwanasayansi wangu wa kwanza nilimpa jina la bibi yangu mzaa mama. Alipima mifumo ya nyota kwa miaka zaidi ya hamsini ya mchezo, kisha siku moja, katikati ya shughuli nyingine kabisa, taarifa ndogo ikatokea juu ya skrini kwamba amefariki. Nilisimamisha mchezo.

Lakini Stellaris ina tatizo ambalo hulioni ukiwa na umeme wa uhakika na jioni zako zote ni zako. Sisi wengine hatuna. Umeme unakatika, kazi zinabana, kuna msiba, unakaa siku tisa bila kuigusa. Unaporudi unakuta himaya ya mifumo arobaini, manowari zimejipanga mpakani, na hukumbuki kwa nini. Uliziweka pale kulinda nini? Nani alikutishia? Mara tatu nimefungua mchezo wangu wa zamani, nikautazama dakika kumi, nikaanza mpya. Kwenye kampeni hilo halinipati, kwa sababu kila misheni inaanza kwa kukukumbusha ulikotoka na unakokwenda, na unaweza kuimaliza ndani ya saa moja au mbili ukalala.

Dawa niliyoipata ni daftari. La kawaida, la shule. Kila nikifunga Stellaris naandika mistari mitatu: nani adui, nataka nini, naogopa nini. Ukifanya hivyo mwezi mmoja utashangaa, kwa sababu unajikuta umeandika hadithi ambayo gemu haikuwa nayo, na hamu ya kurudi inaongezeka. Kama umeamua kuanzia kwenye gemu isiyo na kampeni, usianze bila daftari. Na anza na ramani ndogo, jamii moja, maadui wawili. Galaksi kubwa ya nyota elfu moja itakumeza kabla hujaipenda.

Wenye moyo wa kati kwa kati, wasiotaka kufungwa na misheni wala kuachwa peke yao, watafute Endless Space 2 ya mwaka 2017, kazi ya studio ya Amplitude ya Paris. Ramani ni huru, lakini kila jamii ina mfululizo wake wa majukumu unaosimulia habari zake huku ukitawala unavyotaka. Kwangu hiyo ndiyo njia ambayo ningependa studio nyingine ziifuate.

Onyo moja kwa wapenda hadithi wenzangu. Kuwepo kwa kampeni si dhamana. Homeworld 3 ilipotoka Mei 2024 niliisubiri kama mtoto anavyosubiri Idi. Meli ni nzuri mno, mapigano kati ya mabaki makubwa ya kale yanavutia. Lakini hadithi iliwaacha watu wa msafara ikawafuata wahusika wachache, uso kwa uso, wakizungumza mambo yao. Wachezaji wengi waliilalamikia hadithi hiyo, na mimi ni mmoja wao. Katika ile ya kwanza hatukumwona karibu mtu yeyote. Tulisikia sauti na kuona meli, na taifa zima lilikuwa mikononi mwetu. Ukiwa unapima kampeni kabla ya kununua, usiulize sinema zake ni nzuri kiasi gani. Uliza kama meli zako zinahama nawe kutoka misheni hadi misheni. Jibu likiwa ndiyo, nunua. Na angalia kama inachezeka bila intaneti muda wote, maana bando linaisha katikati ya vita kama umeme unavyokatika.

Likizo ya Desemba mpwa wangu wa miaka 13 alikuja kukaa kwangu. Yeye ni mtu wa kucheza mtandaoni na wenzake, na kila nikimtajia hadithi alikuwa akisema, "Mjomba, mimi nataka kupigana tu." Nilimwekea Homeworld, toleo lililosafishwa la mwaka 2015, nikamwomba acheze misheni tatu, asiruke sinema hata moja, kisha tutaongea. Nikakaa nyuma yake na chai yangu.

Alipoiona Kharak inawaka hakusema neno. Alianza kuunda ndege za kivita, kama nilivyofanya mimi. Kisha akasoma maelezo, akageuka.

"Mjomba, hawa walio kwenye hivi vyombo ndio wote waliobaki?"

"Ndio wote."

Akaacha kuunda ndege. Aliunda meli za kukokota, akazituma, akawa anaita kila moja kwa kunong'ona, njoo, njoo. Chombo kimoja kilipasuka akiwa bado mbali nacho. Misheni ilipoisha, gemu ilimpa nafasi ya kuendelea na safari, na mama yake mdogo alikuwa ameshaita chakula mara mbili.

"Twende tukale," nikamwambia. "Umeshinda."

"Bado, mjomba. Narudia. Mle kwenye kile kilichopasuka kulikuwa na watu."

Alikula saa tano usiku, wali umeshapoa.