Jibu: Madalali wa filamu ya Boiler Room walipataje faida?

Ndugu, umeuliza madalali wa hisa katika filamu ya Boiler Room (2000) walimwibiaje mteja ilhali hisa alizonunua zilikuwepo kweli kwenye karatasi. Jibu ni kwamba hisa zilikuwepo, lakini thamani haikuwepo. Wakuu wa J.T. Marlin, kampuni ya madalali hao, walizishika mapema kwa bei ya kutupa, hisa za kampuni hewa au zilizokwisha kufa, kisha wakawaachia vijana wenye simu kazi ya kuwashawishi watu wasiowafahamu wanunue. Kadiri wanunuzi walivyoongezeka, ndivyo bei ilivyopanda, na wakuu wakauza zao wakati wa kilele. Mnunuzi halisi mwingine hakuwepo, kwa hiyo bei ikaporomoka na mteja akabaki na makaratasi.

Mtazame mteja Harry Reynard: ametunza akiba ya kununulia familia yake nyumba, anasitasita, anataka kuzungumza na mkewe kwanza, naye dalali Seth anambana palepale kwenye simu hadi anakubali. Kwangu mimi hapo ndipo filamu ilipo, kuliko kwenye yale magari ya kifahari.

Kuhusu swali lako la pili, kama J.T. Marlin ilikuwepo kweli, kampuni yenyewe ni ya kubuni, ila wizi wa namna hiyo ulikuwepo Long Island, jimbo la New York, miaka ya 1990. Stratton Oakmont, kampuni ya udalali wa hisa iliyoanzishwa na Jordan Belfort, ilifukuzwa na chama cha wauza hisa cha Marekani mwaka 1996, na Belfort baadaye alifungwa.